Utalii ukianguka tena, mfanyakazi wa hoteli ya ufuoni atalipwa na nani?

Mhariri,

Taarifa za utalii zinazotolewa siku hizi ni za kufurahisha. Watalii walioingia nchini mwaka 2024 walikaribia milioni 2.4, kiwango ambacho Kenya haikuwa imewahi kukifikia, na yeyote aliyepita Diani, Nyali au Watamu wakati wa Krismasi amejionea jinsi tuktuk zinavyokosa pa kuegesha. Sina ugomvi na furaha hiyo. Nilihudumu mezani katika hoteli za Pwani Kusini tangu nikiwa kijana hadi nikastaafu nikiwa kapteni wa mkahawa, na kwa muda fulani wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi, kwa hiyo najua hoteli iliyojaa ina maana gani kwa watu wanaoishi nyuma yake. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba katika taarifa zote hizo, ziwe za serikali au za wenye hoteli, sijaona palipoelezwa mfanyakazi atalipwa na nani siku ndege zitakapoacha kutua, ilhali siku hiyo imekwisha kutufika mara nyingi mno kuweza kuitwa ajali.

Kwa mtu wa Pwani hesabu yake iko kichwani. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, machafuko yakaenea hadi Kwale, na msimu wa mwisho wa mwaka ukaharibika. Novemba 28, 2002 hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu. Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji wa ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Mei iliyofuata Uingereza ikasimamisha safari za ndege zake kuja nchini. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilitokea kwa sehemu kubwa mbali na fuo zetu, lakini Januari na Februari 2008, miezi ambayo hoteli huitegemea kuubeba mwaka mzima, vyumba vilibaki vitupu. Mwaka 2011 wanawake wawili wa Ulaya walitekwa nyara Kiwayu na Manda, huko Lamu, na wenye majahazi ya kutembeza wageni wakakaa bila kazi. Kisha yakaja ya mwaka 2014 na ya mwaka 2020, ambayo nitayaeleza kwa urefu kidogo. Katika mikasa yote hiyo hakuna hata mmoja uliosababishwa na mpishi, mhudumu wa chumba, dobi au mtunza bustani, na hakuna hata mmoja ambao hao hawakuwa wa kwanza kuulipia.

Mwaka 2014 unafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu unaonyesha jinsi maanguko yanavyoweza kumfikia hata mtu ambaye hakutajwa. Mwezi wa Mei Uingereza iliwashauri raia wake wasifike kisiwa cha Mombasa wala ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, ila kwa safari ya lazima. Diani haikuwamo katika ukanda huo. Uwanja wa ndege wa Moi nao haukuwamo. Lakini mgeni aliyeshuka katika uwanja huo akielekea Diani ilimbidi apite kisiwani na avuke kwa feri ya Likoni, na hakuna kampuni ya utalii iliyokuwa tayari kumpitisha mahali ambapo serikali yake imemwonya asipite. Mamia ya watalii wa Kiingereza walirudishwa kwao kwa ndege kabla ya likizo zao kuisha, na safari za ndege za kukodi walizozitegemea wenye hoteli zikafutwa hadi mwisho wa Oktoba. Mwezi mmoja baadaye likatokea shambulio la Mpeketoni, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa. Onyo kuhusu Mombasa lilikuja kuondolewa Juni 2015. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mhudumu wa Diani alikaa nyumbani kwa sababu ya ramani ambayo mji wake haukuwamo.

Leo barabara ya Dongo Kundu imekamilika, na mgeni anaweza kutoka uwanja wa ndege hadi Diani bila kuigusa feri. Nalisifu jambo hilo kwa moyo wote. Lakini ni haki tuseme kwamba kasoro ya njia imetafutiwa mabilioni ya shilingi hadi ikapata ufumbuzi, ilhali kasoro ya mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani mwaka huo bado haijapata sheria.

Kisha korona. Malindi na Watamu zilionja kabla ya wengine, kwa kuwa mapema Machi 2020 serikali ilisimamisha ndege zilizokuwa zikileta Waitaliano kutoka Verona na Milan. Machi 13 kisa cha kwanza kikathibitishwa nchini. Machi 25 ndege zote za kimataifa za abiria zikasimama, na hazikuruhusiwa tena hadi Agosti 1. Kati ya hapo, Aprili 8, kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa watu wasiingie wala wasitoke, hivyo hata mgeni wa kutoka Nairobi, ambaye kila kiongozi humtaja kama mwokozi wa utalii pindi Wazungu wanapokosekana, hakuweza kufika.

Wengi wanaosoma gazeti hili wanajua hoteli zilifunga. Pengine hawajui hufungwaje, na hapo ndipo penye maudhi. Wa kwanza kuondoka ni vibarua, na hao hawaandikiwi barua. Kila wiki ratiba ya zamu hubandikwa karibu na mlango wa kantini ya wafanyakazi, na kibarua hujua kwamba kazi imekwisha kwa kutoliona jina lake hapo. Wa pili ni wenye kandarasi za msimu, za miezi mitatu au sita, ambazo huachwa ziishe bila kuongezwa. Wa tatu ni waajiriwa wa kudumu, ambao huitwa mmoja mmoja katika ofisi ya meneja wa wafanyakazi na kukabidhiwa barua inayosema kwamba kutokana na hali iliyopo mwajiriwa anaombwa kwenda likizo bila malipo hadi atakapoitwa. Neno ni “anaombwa”, na chini pameachwa mstari wa yeye kutia sahihi. Baada ya hapo hupewa fomu ya kuzungusha idara kwa idara: stoo wathibitishe kwamba sare zimerudi, dobi wathibitishe kwamba hakuna aproni iliyobaki nje, na walinzi wa langoni wapokee beji na ufunguo wa kabati. Nimeishika fomu hiyo kwa mikono yangu, na nilijiuliza hapo hapo kwenye kaunta ya stoo ni mwajiriwa gani aendaye likizo akadaiwa ufunguo wa kabati lake.

Jibu liko katika sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kwamba mwajiri anayewaachisha watu kwa kukosekana kazi sharti akijulishe chama cha wafanyakazi pamoja na afisa wa leba mwezi mmoja kabla, achague wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi na uaminifu wao, amlipe kila mmoja notisi ya mwezi na siku za likizo alizodai, kisha ampe malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Chukua mhudumu wa chumba mwenye mshahara wa shilingi 24,000 na miaka 12 katika hoteli moja. Ukiugawa mshahara wake kwa siku 30, anadai shilingi 144,000 za miaka hiyo na 24,000 za notisi, mbali na likizo. Kwa fedha hizo mtu wa Ukunda au Mtwapa angeweza kulipa kodi ya nyumba na karo huku akitafuta namna nyingine ya kuishi. Anayepelekwa likizo bila malipo hadai chochote, kwa kuwa kwenye karatasi bado ni mwajiriwa. Hana mshahara na hana fidia. Na akipata kibarua kwingine, huenda akaambiwa siku ya kuitwa kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 10, inataka mabadiliko ya masharti ya ajira yafanywe kwa kushauriana na mwajiriwa na yaandikwe, na kwamba Aprili 2020 serikali, waajiri na wawakilishi wa wafanyakazi walikubaliana kwamba likizo bila malipo ni afadhali kuliko kufukuza watu. Katika majuma ya kwanza ya tauni ambayo hakuna aliyejua itaisha lini, makubaliano hayo yalikuwa na busara yake. Lakini kushauriana na mtu ambaye amesimama mbele ya meza yako, akijua wenzake 40 wanangoja nje na kwamba asiyetia sahihi hatakumbukwa hoteli itakapofunguliwa, ni kushauriana kwa jina tu. Nao mwezi mmoja uligeuka mitatu, mitatu ikawa minane, na palipokuwa na hoteli ambazo hazikufunguliwa tena, kuna watu ambao hadi leo hawajapata barua ya kuwaambia likizo yao imekwisha.

Nieleze pia kile kinachopotea, maana wengi hudhani ni mshahara peke yake. Mshahara wa msingi wa hotelini ni mdogo, na mfanyakazi huufanya utoshe kwa vitu ambavyo haviandikwi kwenye hati ya malipo: bakshishi ya mgeni anayeondoka, sanduku la bakshishi linalogawanywa mwisho wa mwezi hadi jikoni, mlo wa mchana wa kantini, na gari la wafanyakazi linalomrudisha nyumbani usiku. Ndiyo maana mwaka 2020 hata wale waliobakizwa kwa nusu mshahara walipata pungufu ya nusu. Hoteli isiyo na wageni haina bakshishi, na kantini hupika kwa kuhesabu vichwa. Mwenye nyumba, naye, hajui habari hizo; kodi ya Ukunda haina msimu wa chini.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo naona halijaeleweka Nairobi. Watu wa Pwani hatukosi njia za kusaidiana. Tuna vyama vya kuchangiana, tuna Sacco, tuna michango ya matanga na ya harusi, tuna jamaa wa kumkimbilia. Njia zote hizo zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba akianguka mmoja wengine wamesimama. Sasa tazama mkopo wa Sacco katika hoteli. Mpishi amechukua mkopo wa kumalizia nyumba yake Msambweni, na wadhamini wake watatu ni mpishi mwenzake, mlinzi na mhudumu wa baa, wote wa hoteli hiyo hiyo, kwa sababu Sacco inataka wadhamini wanaokatwa mshahara pamoja naye. Kila mmoja wao naye ana mkopo, na amedhaminiwa na hao hao. Siku hoteli inapofungwa, mkopaji na wadhamini wanakosa mshahara kwa pamoja, na akiba waliyoiweka miaka mingi inakatwa kulipia madeni ya wenzao kabla hawajaomba hata shilingi yake. Chama cha akina mama cha Jumamosi nacho kinavunjika, kwa maana anayeuza samaki wa kukaanga anawauzia wafanyakazi wa hoteli, anayeshona anawashonea wao, na mwenye vyumba vya kupangisha anawapangisha wao. Wavuvi wanaouza pweza na kamba kwa jikoni za hoteli, wenye boti za vioo, wauzaji wa leso na vinyago ufuoni na madereva wa tuktuk wote wanalingoja lango lile lile lifunguliwe. Msiba unaoupiga mji mzima kwa siku moja hauwezi kubebwa na mji huo huo.

Mifuko ya kitaifa ambayo mfanyakazi huyo amekuwa akiichangia miaka yote nayo haikuundwa kwa ajili ya siku hiyo. Fedha za NSSF hawezi kuzigusa kwa sababu ya kukosa kazi. Sharti afikishe umri uliowekwa kisheria, ama apatwe na ulemavu, ama ahame nchi. Bima ya afya ilikatika kwa wengi mwaka 2020 mara tu mwajiri alipoacha kuwasilisha makato, na aliyetaka iendelee ilimbidi alipe mwenyewe shilingi 500 kila mwezi, wakati ambao hana mia. Chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya leo, hali si nyepesi zaidi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini akitoka kazini huhesabiwa kuwa wa sekta isiyo rasmi, ambao hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Hata kurudi kuna gharama yake. Hoteli zilipoanza kufunguliwa, wengi waliitwa kwa masharti mapya: aliyekuwa wa kudumu akapewa kandarasi ya miezi mitatu, au akaambiwa aajiriwe kupitia kampuni ya kuleta vibarua, na miaka yake ya utumishi ikaanza kuhesabiwa upya. Wenye umri mkubwa hawakuitwa kabisa. Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 37, inamtaka mwajiri amchukulie kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Na ukitaka kujua jinsi kifungu hicho kinavyokwepwa, mwulize kibarua yeyote wa Diani kwa nini “hupumzishwa” siku chache kila mwezi hata hoteli ikiwa imejaa hadi pomoni. Maanguko ya mwaka 2020 yaliwaumiza watu kwa miezi, lakini ajira za vipande vipande zilizotokana nayo zinaendelea kuwaumiza hadi msimu huu tunaoushangilia, na ndizo zitakazofanya maanguko yajayo yawe mepesi kwa mwajiri na mazito zaidi kwa mwajiriwa.

Serikali haikukaa kimya katika vipindi hivyo, na sitaki kuisingizia. Mwaka 2014 ilipunguza ada za kutua ndege Mombasa na Malindi, ikapunguza viingilio vya mbuga, ikaziruhusu kampuni zinazowalipia wafanyakazi wao likizo za ndani ya nchi kuiondoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi. Mwaka 2020 ilitenga mabilioni ya mikopo nafuu ya kukarabati hoteli, na ikawasamehe kodi ya mshahara watu wote wanaopata shilingi 24,000 au chini ya hapo kwa mwezi. Ukizipanga hatua hizo pamoja utaona zote zinafika kwa mwenye ndege, mwenye hoteli, mgeni, au mtu ambaye bado ana mshahara. Msamaha wa kodi ya mshahara humsaidia anayelipwa. Mhudumu aliyekuwa nyumbani Ng'ombeni tangu Aprili hakuwa na cha kusamehewa.

Majirani zetu wa bahari hii hii walifanya vingine. Ushelisheli, nchi inayokula kwa utalii wa fuo kama sisi, ilitangaza Machi 2020 kwamba serikali ingedhamini mishahara ya wafanyakazi wa sekta binafsi kwa miezi ya Aprili, Mei na Juni. Morisi ilianzisha mpango wa kusaidia mishahara mwezi huo huo. Nitaambiwa hivyo ni visiwa vidogo vyenye kipato kikubwa, na ni kweli. Basi tuitazame Tanzania, ambayo uchumi wake si mkubwa kuliko wetu: mfuko wao wa NSSF una fao la kupoteza ajira, ambalo kwa mwanachama aliyetimiza masharti hutoa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Si fedha nyingi, lakini mtu anayepata theluthi ya mshahara hauzi cherehani ya mkewe.

Ninalopendekeza halihitaji kodi mpya. Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 kila hoteli na mkahawa unaohusika hutoa tozo ya asilimia 2 ya mapato yake kwa Hazina ya Utalii, na tozo hiyo hukusanywa nchi nzima, kuanzia hoteli za mikutano za Nairobi hadi kambi za Maasai Mara. Naomba sehemu moja katika tano ya tozo hiyo itengwe kwa sheria iwe akiba ya wafanyakazi. Katika kila shilingi 100 anazolipa mgeni, hizo ni senti 40. Katika miaka kama hii, ambapo vyumba vimejaa, akiba ingekua bila mtu kuisikia. Na kwa kuwa inachangwa na nchi nzima, isingeanguka kwa sababu tu Pwani imeanguka, tofauti na Sacco yetu.

Swali la nani ataamua kwamba utalii umeanguka lina jibu rahisi kuliko inavyodhaniwa, na hapa ningewaomba wachumi wanisahihishe. Hoteli huwasilisha tozo kila mwezi kulingana na mapato yake, kwa hiyo Hazina yenyewe huona kushuka kabla ya waziri yeyote kuitisha mkutano na wanahabari. Sheria iseme kwamba tozo ya kaunti fulani ikishuka chini ya nusu ya ile ya mwezi kama huo katika miaka mitatu iliyopita, na ikabaki hivyo kwa miezi miwili, akiba ifunguke yenyewe kwa wafanyakazi wa kaunti hiyo waliosimamishwa. Walipwe sehemu ya mshahara wa msingi kwa muda maalumu, moja kwa moja kwenye simu zao, kwa kutumia namba zao za NSSF. Kibarua aliyechangiwa kwa miezi sita katika mwaka uliopita naye ahesabiwe. Waajiri ambao hawawasajili vibarua wao watabanwa zaidi na vibarua wenyewe kuliko na mkaguzi wa leba, ambaye kwa uzoefu wangu huonekana mara chache na huaga mapema.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya wenye hoteli, kwamba wao pia ni majeruhi, wana mikopo ya benki inayoendelea kuzaa riba na majengo yanayoliwa na chumvi hata yakiwa yamefungwa. Siikatai. Nimefanya kazi chini ya mwenye hoteli aliyeendelea kuwagawia wafanyakazi unga na mafuta ya kupikia kwa miezi baada ya kufunga, kutoka mfukoni mwake, na simsahau. Lakini akiba ninayoisema ingempunguzia hata yeye mzigo, na ingemwezesha kuwaita watu wake wale wale waliofundishwa kwa gharama yake, badala ya kuanza na wageni wa kazi. Pingamizi ya pili ni ya wananchi, kwamba fedha zikiwekwa pamoja zitaliwa. Woga huo una sababu zake nchini mwetu. Ndiyo maana wadhamini wa akiba hiyo sharti wawemo wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi na wa waajiri kwa idadi sawa na serikali, hesabu zake zichapishwe magazetini kila robo ya mwaka, na fedha zisikopeshwe mradi wowote, hata uwe wa barabara.

Mswada wa namna hiyo utachukua muda, na wabunge wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wangeweza kuuanza kwa pamoja bila kungoja chama chao cha siasa kiwape ruhusa. Lakini kuna sehemu ambayo haihitaji Bunge. KUDHEIHA, chama kinachowatetea wafanyakazi wa hoteli, hujadiliana na waajiri wa hoteli kuhusu mikataba ya pamoja, na mwaka wa hoteli kujaa ndio mwaka ambao mwajiri anasikia. Nawaomba wenzangu walio mezani waingize kipengele kimoja katika mkataba ujao: kwamba likizo bila malipo isizidi siku 60 katika mwaka mmoja, kwamba katika siku hizo mwajiri aendelee kuwasilisha mchango wa bima ya afya, kwamba mwajiriwa aruhusiwe kufanya kazi kwingine bila kuhesabiwa kuwa ameacha, na kwamba siku ya 61 ikifika bila yeye kuitwa, ahesabiwe kuwa ameachishwa kwa kukosekana kazi na alipwe haki zake zote za kifungu cha 40, kwa miaka yake yote ya utumishi.

Mhudumu mstaafu wa hoteli,
Ukunda, Kaunti ya Kwale